Tela huongeza nafasi, haliongezi nguvu

 

Leo nataka tuzungumze juu ya maneno mawili madogo ambayo kila mwenye gari amewahi kuambiwa, na kila mwenye mzigo amewahi kuyatamka. Maneno yenyewe ni "kidogo tu". Utayasikia sokoni, utayasikia stendi, utayasikia shambani wakati wa mavuno. "Dereva, nisaidie na hiki kigunia, ni kidogo tu." "Mzee, mbona tela lako bado lina nafasi? Ongeza mawili, ni kidogo tu." Wahenga hawakukosea waliposema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeuongeza anauona mwepesi, kwa sababu si yeye atakayeshika usukani kwenye mteremko, wala si yeye atakayezitafuta breki akazikosa.

Nazungumzia hasa magari madogo yanayovuta matela. Malori makubwa yana mizani yake barabarani, nayo nitayagusia baadaye. Lakini pikapu yenye tela la magurudumu mawili, lililoundwa na fundi wa mtaani, mara nyingi haifikii uzito wa kulazimika kupita kwenye mizani. Hapo mizani ni akili ya dereva na uungwana wa mwenye mzigo. Kimoja kati ya hivyo viwili kikikosekana, tunasoma habari zake magazetini.

Neno langu la leo, hata kama mtasahau mengine yote, ni hili: tela huongeza nafasi, haliongezi nguvu. Ukilifunga tela nyuma ya gari, injini ni ile ile, breki ni zile zile, na ekseli ya nyuma ni ile ile. Kilichoongezeka ni mahali pa kuweka vitu. Na binadamu tulivyo, tukiona mahali wazi tunataka kupajaza.

Sisemi haya kwa sababu nimeyasoma vitabuni tu. Nilifundishwa barabarani, tena kwa aibu.

Mwaka 1994 nilipata uhamisho kutoka Iringa kwenda Morogoro. Nilikuwa mwalimu, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Nikakodi pikapu yenye tela la magurudumu mawili. Dereva wake alikuwa mzee mmoja wa Kihehe, mtu wa maneno machache. Alfajiri tulisalimiana "kamwene", kisha akaanza kupakia. Alipakia mwenyewe, hakutaka kusaidiwa kupanga. Magunia mawili ya mahindi aliyalaza sakafuni mwa tela, katikati, juu ya ekseli, kisha akasogeza moja mbele kidogo. Sanduku la vitabu akaliweka mbele ya magunia. Kabati akalilaza. Magodoro na viti vikaenda juu. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili, nami nilisimama pembeni nikitazama saa yangu na kunung'unika. Niliona anachelewesha safari.

Tulikuwa watu watatu: dereva, mimi, na mpwa wangu, kijana wa miaka 14 niliyekuwa namlea.

Tulipofika Ilula, dereva akaenda kutafuta maji ya rejeta na kupata chai. Ilula, kama mjuavyo, ni nchi ya nyanya. Akina mama walikuwa wanauza tenga kwa bei ambayo Morogoro ningeweza kupata mara mbili yake. Nikapiga hesabu zangu haraka: faida ya matenga sita ingenirudishia sehemu ya nauli ya kuhama. Nikanunua. Mbele ya tela kulikuwa kumejaa, kwa hiyo matenga yote sita tukayapanga nyuma kabisa, mahali palipokuwa rahisi kufikika. Kwa kuwa kamba haikutosha, nikamwambia mpwa wangu, "Panda juu ukae hapo nyuma, uyashikilie yasianguke." Kijana akapanda akicheka. Mtoto gani asiyependa kupanda juu ya mzigo?

Dereva aliporudi alisimama akalitazama tela. Akasema, "Mwalimu, hizi nyanya hazikuwepo."

Nikamjibu, "Ni kidogo tu, Mzee. Matenga sita."

Akasema ni lazima tupakue tupange upya. Mimi nikamwambia jua linakwenda, na kwamba gari nimelikodi mimi. Nilimwambia hivyo, mtu aliyekuwa sawa na baba yangu kwa umri. Akainamisha macho, akaingia garini, tukaondoka.

Hatukwenda mbali. Kwenye mteremko mdogo tu, gari lilipochanganya mwendo, nikahisi kama kuna mtu ameshika mkia wa gari anauvuta kushoto, kisha kulia, kisha kushoto tena, na kila mara kwa nguvu zaidi. Tela lilikuwa linachapa kama mkia wa mamba. Nikapiga kelele, "Funga breki!" Dereva hakufunga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, ukiwa umenyooka, akaliacha gari lipoe lenyewe. Sekunde zile zilikuwa ndefu. Mwendo ulipopungua, mchapo nao ukapungua, ndipo akakanyaga breki pole pole na kutoa gari pembeni.

Nilipogeuka, mpwa wangu alikuwa amelala kifudifudi juu ya magodoro, vidole vimeshika kamba. Matenga mawili hayakuwepo. Yalikuwa yametapakaa barabarani nyuma yetu, na basi lililotufuata lilipita juu yake. Wekundu ule juu ya lami sijausahau mpaka leo.

Mzee hakunigombeza. Alimteremsha kijana kwa mikono yake, akamkung'uta vumbi. Kisha akatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya tela, akalifungua kutoka kwenye gari, akaniita. "Mwalimu, njoo uuinue huu mkono wa tela." Nikauinua kwa mkono mmoja, kama ndoo ya maji. Asubuhi, kabla ya kuondoka Iringa, sisi wawili tulikuwa tumeuinua kwa kukaza misuli. Akasema, "Sasa yamebaki manne. Yalipokuwa sita na mtoto juu yake, tela lilikuwa linainyanyua gari nyuma. Na mbele yetu ni Kitonga."

Nanyi mnaoijua Kitonga, milima upande mmoja na korongo upande wa pili, hamhitaji niwaeleze zaidi.

Ndugu wasikilizaji, hebu tuchambue alichonionyesha mzee yule.

Tela la magurudumu mawili ni kama pembea ya watoto. Ekseli ndiyo mhimili wake. Mzigo ulio mbele ya ekseli hukandamiza mkono wa tela chini, juu ya kiungo cha gari. Mzigo ulio nyuma ya ekseli huuinua. Tela salama ni lile linalokandamiza kiungo kiasi cha kutosha. Kipimo kinachotumika sana Marekani ni kwamba mkono wa tela ubebe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela na mzigo wake. Ulaya huruhusu pungufu ya hapo, na hutazama zaidi kikomo alichoandika mtengenezaji wa gari. Basi tela lenye uzito wa kilo 1,000 likikandamiza kiungo kwa kilo 100 hivi, liko pazuri, mradi kiungo na gari vimeruhusiwa kubeba kiasi hicho. Likikandamiza kwa kilo 20, kama la kwetu, linasubiri mwendo, upepo wa basi au shimo la barabarani lianze kuchapa.

Mtu anaweza kuuliza, "Je, nikiuweka mzigo wote mbele?" La hasha. Hilo nalo ni kosa. Kiungo kiko nyuma ya ekseli ya gari, kwa hiyo kilo 100 juu ya kiungo haziwi kilo 100 tu. Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 3, na kiungo kiko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Kilo 100 kwenye kiungo zitaongeza kilo 140 kwenye ekseli ya nyuma, na kuziondoa kilo 40 kwenye ekseli ya mbele. Sasa zidisha hiyo mara mbili au tatu. Gari litakaa kama mbwa aliyeketi, pua juu, taa zinamulika matawi ya miti, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayogeuza gari na ndiyo yanayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, yanagusa barabara kwa woga.

Utajuaje uzito ulio kwenye mkono wa tela? Hapana haja ya mashine ya ajabu. Mizani ya jukwaa, ile inayopimia magunia ya mazao, inatosha. Simamisha tela mahali tambarare, tia kabari kwenye magurudumu, kisha tegemeza mkono wa tela juu ya gogo lililosimama kwenye mizani, mkono uwe katika kimo kile kile unachokuwa ukifungwa garini. Soma kilo, toa uzito wa gogo. Kazi ya dakika 10.

Jambo la pili ni hesabu ya uzito wenyewe. Kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye kibati kilichobandikwa mlangoni au chini ya boneti, mtengenezaji ameandika mipaka. Upo uzito wa juu wa gari pamoja na watu na mizigo yake. Upo uzito wa juu ambao gari linaruhusiwa kuvuta. Na upo, kwa magari mengi, uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Huu wa tatu ndio unaosahauliwa. Mara nyingi ni mdogo kuliko ukijumlisha ile miwili ya kwanza. Maana yake ni kwamba pikapu iliyojaa mpaka mwisho haiwezi tena kuvuta tela lililojaa mpaka mwisho. Kila gunia unalotia bodini unaweza kulazimika kulitoa kwenye tela. Na ule uzito wa mkono wa tela uliokaa juu ya kiungo, huo nao unahesabiwa kuwa ni mzigo wa gari.

Tusikisie uzito kwa macho, maana macho ni mashahidi wabaya. Mifuko 20 ya saruji ni tani 1, na inakaa kwenye kona moja ya tela kama vile haipo. Mchanga unaojaza meta moja ya ujazo una uzito wa tani 1 na nusu au zaidi, na ukinyeshewa mvua unazidi. Pipa la lita 200 lililojaa maji ni kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe. Gunia la lumbesa nalo tunalijua: juu limeshonewa kilemba, na jina lake bado ni gunia moja. Mwenye mzigo anapokwambia "magunia kumi", muulize kwanza ni magunia ya namna gani.

Tairi nazo zina kikomo chake, tena kimeandikwa ubavuni. Baada ya namba za ukubwa wa tairi kuna namba nyingine inayoonyesha uzito ambao tairi inaweza kuubeba ikiwa imejazwa upepo unaotakiwa. Namba 88, kwa mfano, ni kilo 560; namba 91 ni kilo 615. Basi tela la tairi mbili zenye namba 88 halina ruhusa ya kuzidi kilo 1,120 kwa jumla, yaani tela lenyewe pamoja na vilivyomo. Hiyo ni kwa tairi nzima. Tairi iliyochakaa, au iliyopungua upepo, hujikunja kila inapozunguka, hupata joto, na mwisho hupasuka. Na hupasuka pale pale mzigo na mwendo vinapozidi.

Breki ndizo msingi wa yote. Matela mengi madogo hayana breki kabisa. Breki za gari peke yake ndizo zinazosimamisha vyote viwili. Uingereza wamelitungia sheria jambo hili: tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na wala lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Kwa kipimo hicho, tela letu la mwaka 1994 lilikuwa limevuka mpaka hata kabla ya nyanya. Sheria ya Uingereza si ya kwetu, lakini uzito hauna uraia. Kilo 1,000 za Iringa zinasukuma sawasawa na kilo 1,000 za London.

Sasa tuje kwenye kupanga na kufunga. Vizito viende chini na viwe karibu na ekseli, mbele kidogo kuliko nyuma. Vyepesi viende juu. Kulia na kushoto kulingane. Usiache pengo mbele ya mzigo, kwani ukifunga breki mzigo utalitafuta pengo hilo. Wataalamu wa Ulaya wanataka kamba na vizuizi viweze kushika nguvu sawa na asilimia 80 ya uzito wa mzigo kwenda mbele, na asilimia 50 kwenda ubavuni na nyuma. Basi jiulize, je, kamba yako ingeweza kulining'iniza gunia hilo mtini? Kama jibu ni hapana, hujafunga, umepamba.

Kamba ya mkonge nayo ina tabia zake. Ikilowa hukaza, ikikauka hulegea. Uliyofunga alfajiri penye umande, saa nne ya asubuhi juani si ile tena. Simama baada ya mwendo wa nusu saa, kaza kamba, gusa nati za magurudumu, weka kiganja karibu na kitovu cha gurudumu. Likiunguza, kuna bearingi inayolia au breki inayoshika. Hali kadhalika, tazama kiungo. Pini iwe na kipini chake cha kuizuia isichomoke, na chini yake iwepo minyororo miwili iliyopishana kama mkasi, ili kiungo kikikatika mkono wa tela udakwe usichimbe lami. Waya wa kufungia uzio si mnyororo.

Wengine, tela likijaa na bodi ikijaa, huhamia juu ya paa. Magari mengi madogo yameruhusiwa kubeba kati ya kilo 50 na 100 tu kwenye keria, na keria yenyewe ikiwemo. Mzigo wa juu huliinua titi la uzito wa gari, nalo likiwa tayari linasukumwa na tela kwenye kona, linaanguka kwa urahisi zaidi.

Kuhusu mwendo nitasema machache. Ukiwa na tela, umbali wa kusimama huongezeka, kwa hiyo jipe nafasi mara mbili ya ile uliyozoea nyuma ya gari lililo mbele yako. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ambayo breki inapaswa kuimaliza huongezeka mara nne. Kwenye mteremko, madereva wa zamani walikuwa na kanuni nzuri: gia ambayo ungepandia ndiyo uteremkie. Kuna vijana wanaoweka gia huru ili kuokoa mafuta. Injini za kisasa hukata mafuta zenyewe gari likiteremka likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa; ukiweka gia huru ndipo injini inapoendelea kunywa. Kwa hiyo huokoi mafuta, na umeikataa breki ya injini. Breki za miguu zikipata moto mno hupoteza nguvu, mafuta yake yakichemka pedeli huzama mpaka sakafuni, na hapo hakuna fundi wa kumwita. Na tela likianza kuchapa, fanya alivyofanya mzee yule: toa mguu kwenye mafuta, nyoosha usukani, usifunge breki kwa ghafla, usiongeze mwendo ati uliburute linyooke. Liache lipoe.

Niliahidi kuyagusia malori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019. Inahusu magari ya kuanzia tani 3.5. Inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake wote, na tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne. Sasa tazameni: lori linaweza kufika mizani ya Wenda au Vigwaza likiwa chini ya tani 56 na bado likatozwa, kwa sababu ekseli moja imezidi. Kosa si wingi wa mzigo, ni mahali ulipokaa. Ni somo lile lile la nyanya zangu. Na barabara nayo huumia. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua kwa kasi kubwa kuliko uzito: ekseli ya tani 12 huiumiza barabara karibu mara mbili ya ekseli ya tani 10. Tani mbili "kidogo tu".

Nimeacha la mwisho, nalo ndilo zito kuliko yote. Ni watu juu ya mzigo. Msimu wa mavuno utawaona: wavunaji juu ya tela la trekta, mama na mtoto juu ya magunia ya mpunga, utingo juu ya matenga. Tunawapandisha kwa sababu mbili. Ama hatutaki kulipa nauli nyingine, ama tumewafanya kamba. Mimi nilimfanya mpwa wangu kamba. Ndugu zangu, hakuna kazi ambayo mtu anaweza kuifanya juu ya mzigo na kamba nzuri isiweze kuifanya vyema zaidi. Kamba ikikatika utanunua nyingine.

Siku ile mzee alitutoa wote jasho. Tulipakua nusu ya tela pale kando ya barabara. Matenga mawili tukayabana mbele, kwenye nafasi aliyoipata kwa kupanga upya. Mawili nilimwachia mama mmoja wa nyumba za karibu kwa bei aliyotaka yeye. Mzee akaniita tena niuinue mkono wa tela, na safari hii tuliuinua wawili. Mpwa wangu akakaa katikati yetu, ndani. Kitonga tuliiteremka kwa gia ya pili, injini ikilia mpaka chini, malori yakitupita nasi tukiyapisha. Hakuna aliyezungumza. Tulipofika Mahenge mzee alisimama, akazunguka akigusa magurudumu moja moja. Nikamfuata, nikamwomba radhi kwa lile neno la kwamba gari nimelikodi mimi. Akanijibu, "Mwalimu, gari ulilikodi. Mtoto hukumkodi."

Faida ya nyanya zangu, mkitaka kujua, haikufika hata nusu ya hasara. Mpwa wangu sasa ni mtu mzima na ana watoto wake. Naye ana pikapu. Sijawahi kumwona akipandisha mtu juu ya mzigo.

Kwa hiyo, ewe dereva, mwenye mzigo atakapokwambia "kidogo tu", usione haya kumwambia ngoja tupime, au ngoja tupange upya. Saa moja ya kupakua si hasara. Nawe mwenye mzigo, dereva akikwambia hapana, usimwonyeshe risiti ya kukodi. Mwulize unaweza kumsaidia kubeba nini. Tamaa mbele, mauti nyuma, na katika habari ya tela, hiyo nyuma ni nyuma kweli kweli.

Juma lijalo, Mungu akitujalia uzima, tutazungumza jambo jingine. Kwa leo nawatakieni safari njema na usiku mwema.